Mwanao Hakubemendwa

Afisa wa lishe awajibu wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Mwanangu hali. Fundi asema kimio kimerefuka, kikatwe. (Mtongwe)

Usimpeleke. Kisu cha fundi huweza kuleta pepopunda na kuvuja damu. Hamu ya kula hakirudishi.

Nywele za mwanangu zimepauka, miguu imevimba. Mama mkwe asema tumembemenda. (Likoni)

Barua za namna hii, zinazodai kuwa tendo la ndoa la wazazi humdhuru mtoto anayenyonya, ni nyingi, nyingine zikiita hali hiyo chirwa. Jibu ni moja: kliniki, leo. Bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole gumba sekunde 3. Pakibaki vishimo, huo ni utapiamlo mkali, hata mashavu yakiwa yamejaa. Wazee waliona sawa kwamba mtoto hudhoofika mamake akishika mimba nyingine. Walikosea sababu. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, haijalishi nani kalala na nani. Mtoto ameachishwa ziwa ghafla, amebaki na uji mwepesi na chai ya rangi, kisha maji machafu ya mitungi yanamharisha hadi nguvu zimwishe. Daktari Cicely Williams aliwaeleza wenzake ugonjwa huu, kwashakoo, mwaka 1933, alipokuwa Gold Coast, Ghana ya leo. Watoto aliowatibu walilelewa kwa uji wa mahindi. Na bado mama wa Likoni anamfungia mtoto chumbani, akiogopa majirani watasema baba ametoka nje ya ndoa! Mtoto anazungushwa kwa waganga, anavalishwa hirizi, akifika hospitali hata kulia hawezi. Mama mkwe naye afuatane nanyi kliniki, akasikie.

Mkanda wa kupima unene wa mkono umesoma sentimita 11.2, lakini mwanangu anacheza. Nisubiri? (Bamburi)

Usisubiri. Chini ya 11.5 ni hatari.

Nampa uji wa unga wa nafaka na njugu aina kumi. Mbona haongezeki? (Mishomoroni)

Idadi ya aina haimnenepeshi. Njugu zilizokaa unyevuni huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na moto wa jikoni hauimalizi. Saga mahindi makavu au wimbi, upike uji usiomwagika kijikoni, utie omena wa kusaga au kunde zilizopondwa.

Maziwa huondoa sumu ya risasi mwilini? (Mikindani)

Hapana. Katika mtaa wa Owino Uhuru, hapo Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watoto risasi kwenye damu, na kipimo cha damu ndicho kinachoionyesha. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo mboga, maharagwe na samaki husaidia kumkinga. Aliyekwisha kuathirika anahitaji daktari, na kuondolewa penye vumbi la risasi.