Mjomba Juu ya Mifuko Minne

Wadogo zangu wa Kasongo, wa Kabambare, wa Salamabila, na ninyi mliotawanyika hadi Ulaya na kutukumbuka siku za msiba tu, karibuni kwenye kona ya Yaya. Wasomaji wa Dar es Salaam msicheke. Kwenu yaya ni mlezi wa watoto wa watu, kwetu Kongo yaya ni dada mkubwa, na akisema anasikilizwa.

Nina barua mbili mkononi. Walioziandika hawajuani na bahari iko kati yao, ila wameniuliza jambo moja.

Ya kwanza imetoka Kasongo, kwa mama kijana. Mjomba wa mume wake alipooza miguu tangu utotoni, na ana kinga ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha pedali kwa mikono. Siku ya soko shemeji wa huyo mama anakuja alfajiri. Anafunga mifuko minne ya mchele kwenye ile kinga, anamnyanyua mjomba na kumkalisha juu yake, halafu vijana wawili wanasukuma. Wakifika bariyeri, wakusanya ushuru wanaona mlemavu, wanaona haya, wanashusha kamba. Mchele umepita bure. Jioni mjomba anapewa franka za sabuni na kipande cha samaki. “Yaya, hii ni dhambi?” ananiuliza. “Mbona mjomba mwenyewe halalamiki?”

Ya pili imetoka Uingereza, kwa binti wa Kabambare. Mama mkwe wake alikuwa na ile kadi ya buluu ya walemavu, ambayo ukiiweka mbele ya kioo cha gari unaruhusiwa kuegesha karibu na mlango wa hospitali au duka. Mama mkwe alifariki. Kadi bado ina karibu mwaka mzima kabla ya kuisha. Binti ana watoto wawili wadogo, mvua ya kule haina msimu, na ile nafasi iliyochorwa kiti cha magurudumu mara nyingi iko tupu. “Yaya, sijamnyang’anya mtu. Ninakaa dakika ishirini tu.”

Nianze na wa nyumbani.

Mdogo wangu, kwetu kinga ni baisikeli. Kwenye Kiswahili cha vitabuni, kinga ni kitu cha kujikingia. Shemeji yako amezichanganya zote mbili: ameigeuza baisikeli ya mzee kuwa ngao yake. Na mzee mwenyewe amemgeuza muhuri. Muhuri hauulizwi unakokwenda, unagongwa tu juu ya karatasi ya mtu.

Unasema halalamiki. Niulizie maswali machache hapo nyumbani. Siku isiyo ya soko, nani anamsukuma? Ijumaa akitaka kwenda msikitini, wale vijana wawili wanaonekana? Tairi ikipasuka, nani ananunua nyingine? Na nani anampa chakula cha usiku? Kama anayempa chakula ndiye anayempakia juu ya mifuko, unategemea alalamike kwa nani? Mtu anayeinuliwa na kushushwa kwa mikono ya wengine hujifunza mapema sana kusema “haidhuru”. Tena huenda miguu yake haisikii maumivu kama yetu. Akikaa vibaya saa nzima juu ya kamba za katani, ngozi inaweza kuchubuka bila yeye kujua, na kidonda cha namna hiyo huchukua miezi kupona. Mwambie mume wako amkague mjomba mgongo na mapaja leo jioni. Usingoje soko lijalo.

Ujanja huu si wa Kasongo peke yake, wala haukuanzia kwetu. Kinshasa, kwenye bandari ya Ngobila wanakovukia mto kwenda Brazzaville, walemavu walipunguziwa nauli tangu enzi za Mobutu, na watu wa forodha hawakuwabana sana. Basi walemavu wakawa wafanyabiashara hasa. Kinga zao zilishindiliwa mizigo mpaka mwenyewe haonekani, unaona kichwa tu. Goma pia, kwenye mpaka wa Gisenyi kule Petite Barrière, kwa miaka mingi kinga za namna hiyo zilivuka zimejaa. Na kila penye msamaha wa ushuru, mzima mwenye mtaji hachelewi kufika na mzigo wake: “Mzee, nipitishie na hii.”

Lakini angalieni tofauti, maana hapo ndipo jibu langu lilipo. Wengi wa wale wa Ngobila walikuwa mabosi. Mlemavu ndiye aliyejua bei ya Brazzaville, ndiye aliyeshika pesa, na wazima waliomsukuma walikuwa vibarua wake. Hapo msamaha ulikuwa unafanya kazi yake. Ulimfidia mtu ambaye ili auze kitambaa kimoja analipa wasukumaji, analipa wa kumpandisha melini na wa kumshusha, gharama ambazo mimi na wewe tunaziruka kwa miguu yetu miwili. Ushuru aliosamehewa ulikuwa umeshalipwa njiani.

Kwa hiyo usiniulize kama ni dhambi, hilo kamuulize shehe au padri. Mimi nakuuliza swali la sokoni: hesabu iko mfukoni mwa nani? Kama mchele ni wa mjomba na shemeji ni msukumaji wake, wapite na Mungu awabariki. Kama mchele ni wa shemeji na mjomba analipwa sabuni, huo ni wizi, na unawaibia watu wawili. Wa kwanza ni mjomba. Wa pili humjui. Ni yule mama wa kiti cha magurudumu atakayefika bariyeri wiki ijayo na kapu lake la karanga, siku ambayo wakusanya ushuru watakuwa wameshachoka kuchezewa. Yeye ndiye atakayeteremshwa chini kwenye vumbi ili kiti chake kipekuliwe.

Najua utaniambia bariyeri zenyewe nyingine ni za wizi, hazina karatasi wala risiti. Kweli. Nimepita barabara ya Kabambare, sihitaji kufundishwa. Lakini kama ushuru si wa haki, shemeji ana miguu na ana mdomo, akaupinge kwa jina lake. Asimtume mzee aliyepooza akapigane vita vyake huku amekaa juu ya mchele.

Mwambie shemeji hivi, tena mbele ya mume wako ili isiwe maneno ya mwanamke wa kuolewa: mfuko mmoja kati ya minne uwe wa mjomba, mtaji na faida. Mzigo upungue ili akae kwenye kiti chake. Kinga ikiharibika, inatengenezwa kwa pesa ya wote wawili. Akikataa, mchele wake ubebwe na motari wa pikipiki, alipe kama watu wengine.

Sasa nikiri na langu, msije mkadhani Yaya ni malaika.

Kwetu hakuna nafasi za magari zilizochorwa kiti cha magurudumu. Magari yenyewe yako mangapi? Lakini tuna kitu kinachofanana nazo: ule mteremko wa saruji ambao wafadhili huujenga kando ya ngazi kwenye majengo mapya, ili kiti cha magurudumu kipande. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ambayo mteremko wake una kivuli kizuri cha mwembe. Kwa hiyo pikipiki zote zinaegeshwa hapo. Mchana walinzi wanaanika muhogo juu yake, kwa sababu ni saruji safi na jua la saa saba linapiga pale kivuli kinapohama. Na mimi nilikuwa naegesha hapo. Miaka miwili, bila kuwaza.

Siku moja nilitoka nikakuta kijana mmoja amefika na kinga yake. Hakusema kitu. Aliiacha chini, akavaa ndala mikononi, akapanda ngazi kwa viganja, ngazi tano, huku karatasi zake ameziuma kwa meno. Watu waliokuwa kwenye foleni walimpisha vizuri sana, wengine wakamsifu kwa nguvu zake. Mimi nilisimama na ufunguo wa pikipiki mkononi. Kwenye ile karatasi kulikuwa na alama za meno, na karani alipoipokea aliishika kwa ncha za vidole. Tangu siku hiyo pikipiki yangu inakaa juani, kiti kinaniunguza, na sisemi kitu.

Na msidhani walemavu ni wazee tu watakaokwisha na kizazi chao. Mwaka 2017 hapa Maniema na kule Haut-Lomami palizuka polio ya ile aina inayotokana na virusi vya chanjo vinavyobadilika vikizunguka mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, na Februari 2018 serikali ikatangaza hali ya dharura ya afya. Kuna watoto waliopooza wakati ule ambao sasa wanatakiwa kupanda ngazi za shule. Ongezea na vijana wanaotolewa kwenye mashimo ya dhahabu ya upande wa Namoya uti wa mgongo umevunjika. Ongezea na risasi za miaka yote hii. Mteremko ule haujengwi kwa ajili ya watu wa mbali.

Wala si sadaka. Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya 2006 kinasema wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kupewa ulinzi maalumu kulingana na mahitaji yao. Na tangu tarehe 3 Mei 2022 nchi ina sheria nzima ya haki zao, nambari 22/003. Ukimwona mwenye ofisi anacheka ukimwambia ahamishe muhogo, mtajie hiyo nambari. Makarani wanaogopa nambari kuliko maneno.

Nirudi kwa binti yangu wa Uingereza, usifikiri nimekusahau.

Kadi ile si ya gari wala si ya familia. Ni ya mtu. Mwenyewe akiwemo safarini, hata akipanda gari la jirani, inafanya kazi. Asipokuwemo ni plastiki tu, na ukikamatwa nayo faini yake inafika pauni 1,000. Mwenye kadi akifariki, inarudishwa kwa halmashauri iliyoitoa. Hayo unayajua, yamo kwenye kijitabu kilichokuja nayo. Usilolitazama ni upande wa nyuma. Sheria inataka upande wa mbele uonekane kwenye kioo, kwa hiyo picha ya mwenye kadi hulala kifudifudi. Kila ukienda dukani, mama mkwe wako amelala uso chini mbele ya usukani wako. Kwetu maiti halazwi hivyo.

Unasema nafasi ilikuwa tupu, hujamnyang’anya mtu. Mdogo wangu, nafasi hiyo kazi yake ni kuwa tupu. Kitanda cha wodi ya wazazi kikiwa hakina mtu saa hii, utakwenda kukilalia kwa dakika ishirini? Yule anayeihitaji hawezi kukupigia simu kwamba anakuja. Atafika, ataona gari lako, atazunguka mara mbili, atarudi nyumbani bila dawa, na wewe hutajua kamwe kwamba alikuwepo. Ndiyo maana dhamira yako imelala usingizi: uliyemkosesha hana sura.

Watoto na mvua navielewa. Maduka mengi makubwa ya huko yana nafasi za wazazi wenye watoto wadogo, zitafute hizo. Zikijaa, nunua mwavuli.

Ila kuna kosa la upande wa pili, na wewe ukishatubu usije ukaliangukia: kugeuka askari. Tangu Agosti 2019 kule England kadi hizo hutolewa pia kwa watu wenye ulemavu usioonekana kwa macho. Ukimwona kijana anateremka kwenye nafasi hiyo anatembea wima, usimfokee, wala usimpige picha. Na sisi huku tujirekebishe. Mgonjwa wa SS, yaani selimundu, anaweza kuwa amevaa suti leo na kesho hawezi kuinua kijiko. Mchimbaji aliyevunjika mgongo anaweza kukaa kwenye benchi la mbele la kituo cha afya akaonekana mvivu. Mara ngapi tumemwambia “kijana, simama, mpishe mama”? Muulize kwa adabu, au nyamaza. Anayemwibia mlemavu mara nyingi humjui kwa kumtazama miguu, utamjua ukitazama nani anafaidi.

Basi, binti wa Kabambare: kesho asubuhi tia hiyo kadi kwenye bahasha uirudishe. Mama wa Kasongo: nasubiri barua yako nyingine, na nataka kusikia habari ya mgongo wa mjomba kabla ya habari ya mchele. Na wewe uliyeegesha pikipiki kwenye mteremko chini ya mwembe, na ninyi walinzi wenye muhogo, isogezeni na uanueni leo, kabla ya ofisi kufungwa.