Koko Amelala Ndani: Deni la Kumtunza ni la Nani?

Katika familia nyingi za Kisangani yuko mtoto mmoja ambaye "amebaki na mzee". Mara nyingi ni binti aliyeachika, au mjane, au yule ambaye kazi ya Kinshasa haikumtokea. Yeye ndiye anaamka usiku kumgeuza koko kitandani asitokwe na vidonda mgongoni. Yeye anachota maji, anapika uji, anakimbia farmasi dawa ya presha ikiisha. Ndugu zake wanapiga simu Jumapili kuuliza hali. Siku akilalamika anajibiwa: "Si wewe unakaa bure kwenye lopango ya baba?"

Jibu hilo limezoeleka, lakini kisheria halina miguu. Nchini Kongo, kumtunza mzazi aliyezeeka si fadhila ya aliyebaki nyumbani. Ni deni la watoto wote, wa Mangobo, wa Goma na wa Poto.

Tuanze na Katiba ya Februari 18, 2006. Ibara ya 40 inasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Ibara ya 49 inawapa wazee haki ya hatua maalum za ulinzi kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya kiutu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1987, unaimba wimbo uleule: ibara ya 18 inawalinda wazee, na ibara ya 29 inamdai kila mtu awaheshimu wazazi wake na kuwalisha wanapohitaji. Tusidanganyane lakini. Ibara ya 49 haijawahi kumleta muuguzi mlangoni mwa mtu pale Kabondo. Kwa maisha ya kila siku, sheria yenye meno ni Kanuni ya Familia ya Agosti 1, 1987, iliyorekebishwa Julai 15, 2016.

Kanuni hiyo inaweka kitu ambacho mahakimu wanakiita wajibu wa malisho. Usilichukue neno malisho kuwa ni fufu na pondu tu. Ni yale yote ambayo mtu asiyeweza tena kujitafutia anahitaji ili aishi: chakula, nguo, mahali pa kulala, matibabu. Wajibu huu unawafunga watu wa damu moja kwa moja, yaani mtoto kwa mzazi, mjukuu kwa koko, na kinyume chake. Mizani yake ni miwili: shida ya anayeomba na uwezo wa anayeombwa. Kwa hiyo mwenye mshahara mnono hawezi kusema atatoa sawa na anayeuza makala sokoni, na anayeuza makala hawezi kusema hana hata cha kuleta. Asiye na pesa anaweza kulipa kwa mikono, kwa kukesha na mgonjwa au kwa kumpokea nyumbani kwake. Ndiyo maana binti anayemgeuza koko usiku, hata asipotoa franka moja, tayari analipa sehemu yake, na pengine sehemu kubwa kuliko wote.

Wasipotaka? Kwanza itisheni baraza la familia. Najua mabaraza yetu yanavyokwenda: wajomba wanaongea muda wa saa tatu, soda zinakwisha, watu wanatawanyika bila neno. Safari hii andikeni PV. Kaye ya mtoto wa shule inatosha: tarehe, majina ya waliokuwepo, koko anahitaji nini kwa mwezi, nani ameahidi nini, na sahihi ya kila mmoja. Asiyejua kuandika atie kidole mbele ya mashahidi. Aliye mbali atume ujumbe wa simu unaokubali, na ujumbe huo usifutwe. Ahadi ikivunjwa, mzee mwenyewe anaweza kwenda Tripaix, yaani mahakama ya amani, maana migogoro ya familia na ya urithi imewekwa mikononi mwa mahakama hizo na sheria ya Aprili 11, 2013 kuhusu mahakama za nchi. Hakimu anaweza kupanga kila mtoto atoe kiasi gani, na hukumu hiyo si ushauri wa mjomba.

Sasa nifike kwenye ibara ambayo, kwa maoni yangu, ingefaa isomwe kwa sauti katika kila kilio cha Boyoma, mji wetu huu wa Kisangani, kabla watu hawajaanza kupima kiwanja. Ni ibara ya 765 ya Kanuni ya Familia. Inahesabu watu wasiostahili kurithi. Ndani yake yumo yule ambaye, mzee akiwa hai, alikata undugu naye kwa makusudi. Hilo linathibitishwa mbele ya Tripaix, baraza la familia likiwa limesikilizwa. Yumo aliyekataa kwa makusudi kumpa marehemu matunzo katika ugonjwa wake wa mwisho, ilhali sheria au mila ilimtaka ayatoe. Na yumo aliyetumia udhaifu wa mwili au wa akili wa mzee kujichotea mali yake, yote au sehemu, katika miezi 3 kabla ya kifo.

Yule wa mwisho mnamfahamu. Anafika kutoka safari wiki mbili kabla ya msiba, na karatasi imeshapigwa mashine. Koko hatambui tena ni asubuhi au jioni, kidole chake kinashikwa, kinachovywa kwenye wino, kinabandikwa chini ya "hati ya mauzo". Ukiona jambo hilo kwenu, usipoteze nguvu kwa matusi. Andika tarehe, waliokuwa chumbani, na hali ya mgonjwa siku ile. Mwombe daktari aliyekuwa akimtibu aandike cheti cha hali yake: kama akili ilikuwa ingali timamu au ilikuwa imeshatoka. Ibara ya 765 haifanyi kazi kwa uvumi. Inahitaji ushahidi, na ushahidi wa matunzo hukusanywa mgonjwa akiwa bado anapumua: risiti za farmasi, fishi ya hospitali, ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money unaoonyesha nani alituma nini mwezi gani. Ujumbe ambao haupo nao unasema. Kaka anayedai alikuwa "akitoa kila mwezi" ataombwa auonyeshe.

Lakini anayetunza naye asijione mfalme. Uzee peke yake haumwondolei mtu uwezo wake kisheria. Koko wa miaka 85 asiyeweza kutembea bado ni mwenye nyumba yake, mwenye pesa zake na mwenye mwili wake. Ndiye anakubali au anakataa sindano. Ndiye anachagua nani amwogeshe. Kumfungia ndani "asianguke" kutoka asubuhi hadi mrudi sokoni ni kumnyima uhuru, na moto ukitokea ni kumwua. Msaidieni kwa jirani, kwa kamba ya kushikia njia ya choo, kwa kuondoa mawe na ndoo pale anapopita, kwa taa usiku umeme ukikatika. Ikiwa kweli ugonjwa au umri umedhoofisha viungo au fikra zake hadi hawezi kusimamia mambo yake, Kanuni ya Familia inaruhusu yeye mwenyewe, ndugu zake, mwenzi wake au mwendesha mashtaka aombe mahakama imwekee msaidizi wa kisheria. Huyo huteuliwa na hakimu. Hajiteui kwa sababu ndiye mwenye funguo.

Suala la karatasi ya uwakilishi, ile prokirasio, linaumiza watu wengi hapa mjini. Mzee anampa mjukuu ili amchukulie pensheni, mjukuu anageuka muuza nyumba. Kwa sheria yetu ya mikataba, uwakilishi uliotolewa kwa maneno ya jumla ni wa kusimamia tu. Kuuza au kuweka rehani kunahitaji ruhusa iliyotajwa wazi. Mzee anaweza kuiondoa siku yoyote, na akifa, karatasi imekufa naye. Kwa hiyo andikeni shughuli moja, ofisi moja, muda maalum.

Hilo lina uzito wa pekee Kisangani kwa sababu ya FRIVAO, mfuko wa kugawa fidia ya vita inayolipwa na Uganda, ambao makao yake yako hapa hapa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Februari 9, 2022 kwamba Uganda ilipe dola milioni 325, na milioni 225 kati yake ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu. Waliokuwa watu wazima wakati wa vita vya siku sita, Juni 5 hadi 10, 2000, sasa wengi ni wazee, na wako wanaotembea na chuma cha bomu mwilini hadi leo. Dosie ya fidia iko kwa jina la mzee. Kama hawezi kufika ofisini, anayekwenda kwa niaba yake anabeba jukumu la kumletea karatasi zote na kila franka. Nakala za dosie zibaki nyumbani, chini ya mkono wa mzee, na mtu mwingine wa familia azione.

Kuhusu pensheni niseme kwa kifupi. Aliyefanya kazi katika kampuni, iwe Sotexki, bandarini au kwenye kiwanda cha bia, dosie yake iko CNSS, kasha ya taifa ya hifadhi ya jamii, iliyochukua nafasi ya INSS ya zamani. Sheria ya Julai 15, 2016 inaweka umri wa kustaafu kuwa miaka 60 kwa wanaume na wanawake. Mtumishi wa serikali aulize CNSSAP, kasha ya watumishi wa umma. Mzee akilala kitandani na ofisi ikitaka kumwona yu hai, ombeni kwa barua ahakikishwe nyumbani, mkiambatanisha cheti cha daktari, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kumbeba mgonjwa kwenye baiskeli ya toleka hadi dirishani iwe njia ya mwisho kabisa.

Na wale mnaoleta mtu wa kumtunza koko? Muuguzi anayepita nyumbani na begi la sindano lazima awe ameandikishwa katika Chama cha Wauguzi kilichoundwa kwa sheria mwaka 2016. Kumuuliza namba yake si dharau. Anafungwa pia na siri ya kazi: ugonjwa wa koko hausimuliwi avenyi nzima. Msichana wa kazi naye ni mfanyakazi, analindwa na Kanuni ya Kazi ya Oktoba 16, 2002. Msipoandika mkataba, sheria inadhani ni wa muda usio na kikomo mpaka mthibitishe vingine. Hata yule mnayemwita "wa siku kwa siku", akishafikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili na mkamchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, amekuwa wa kudumu. Mlipeni, mpeni siku ya kupumzika. Kazi ya kumwinua mtu mzima peke yako huvunja mgongo.

Msimtoe mjukuu wa miaka 12 shuleni, kutoka Opala au Isangi, aje "kukaa na koko". Sheria ya Januari 10, 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 16. Kumletea koko maji baada ya shule ni malezi. Kukesha naye kila usiku, kumsafisha na kumpa dawa kwa saa zilizopangwa ni ajira, hata mkiita undugu.

Mjane ana kinga yake. Mume akifa, ibara ya 785 ya Kanuni ya Familia inamwachia mwenzi aliyebaki haki ya kutumia nyumba waliyokuwa wakiishi na vyombo vyake. Ikipangishwa, kodi inagawanywa nusu kwake na nusu kwa watoto. Ndugu wa marehemu wanaofika na kufuli siku ya arobaini wanaingia kwenye kundi la pili la warithi, pamoja na huyo mjane wanayemfukuza, na watoto wakiwepo kundi hilo lote lina robo 1 tu.

Mwisho ni jambo ambalo watu wanalinong'ona. Koko akisahau, akiongea peke yake usiku, akizunguka uani bila nguo, kuna atakayesema ni ndoki. Kusahau namna hiyo ni ugonjwa na unatazamwa hospitalini. Anayemtangaza mzee mchawi mbele za watu, awe jirani, mjukuu au mchungaji kanisani, anaweza kushtakiwa kwa kumharibia jina chini ya ibara ya 74 ya Kanuni ya Adhabu, kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1. Akimpiga au kumchoma, hapo ni mashtaka mengine mazito zaidi. Msingoje damu. Mkiona watu wanakusanyika, mwiteni mkuu wa kartie na polisi mara moja, mtoeni mzee pale, na maelezo ya nani alisema nini yaandikwe usiku huohuo.

Asiye na pesa ya kesi aanzie kwenye huduma ya Affaires sociales ya komini yake aombe cheti cha ufukara, kinachomsaidia kuondolewa gharama za mahakama. Kisha aulize Barreau de la Tshopo ofisi ya ushauri wa bure, ambako avoka anamsikiliza bila malipo. Wa Lubunga wavuke mto mapema asubuhi, wakiwa na kitambulisho cha mzee, ile PV ya familia, na risiti zimefungwa kwenye plastiki zisilowe ndani ya mtumbwi.