Kumpiga Picha Kipepeo kwa Karibu

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kwamba mwili wa mdudu umegawanyika sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo, na kwamba mdudu ana miguu sita. Kipepeo ni mdudu. Ana mabawa manne, na kila bawa limefunikwa kwa magamba madogo sana yaliyopangwa kama vigae juu ya paa. Ukimshika kipepeo, vidole vyako hubaki na vumbi lenye rangi. Vumbi hilo ndilo magamba yake, na yakishang'oka hayaoti tena.

Basi, tutamchunguzaje kipepeo bila ya kumharibu? Njia moja iliyo nzuri ni kumpiga picha kwa karibu, akiwa hai na mahali pake. Kamera yafaa, na simu yenye kamera yafaa pia.

Vipepeo wawili wanaofanana

Mangapwani ni kijiji kilichoko pwani ya magharibi ya Unguja, kaskazini ya Mji Mkongwe. Ardhi yake ina mawe mengi ya matumbawe, na juu ya mawe hayo huota vichaka na maua ya mwituni. Tuseme umesimama kando ya kichaka kimojawapo, ukamwona kipepeo mwenye rangi ya chungwa akiruka polepole. Ni kipepeo gani?

Huenda akawa yule ambaye jina lake la kisayansi ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula majani ya mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa. Mingi ya mimea hiyo ina sumu. Kiwavi hadhuriki, bali huihifadhi sumu hiyo mwilini, nayo hubakia hata anapokuwa kipepeo. Ndege akimla kipepeo huyo hutapika. Tangu siku hiyo hukumbuka ile rangi ya chungwa, na hamgusi tena. Ndiyo maana kipepeo huyu huruka bila ya haraka.

Lakini huenda akawa mwingine kabisa: jike la Hypolimnas misippus. Huyu hana sumu hiyo. Kinga yake ni kufanana na mwenye sumu. Ndege akimwona humdhania ni yule wa kwanza, akamwacha. Dume lake halifanani naye hata kidogo. Ni jeusi, lenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na rangi ya zambarau. Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika misitu ya mto Amazon, ndiye aliyeeleza jambo la namna hii mwaka 1862.

Ndege hudanganyika. Je, wewe nawe utadanganyika? Usitegemee ncha nyeusi ya bawa la mbele, kwa maana katika Afrika ya Mashariki wako wa aina zote mbili wasiokuwa nayo. Tazama bawa la nyuma. Danaus chrysippus ana madoa meusi matatu au manne karibu na katikati ya bawa hilo. Jike la Hypolimnas misippus kwa kawaida ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele wa bawa. Madoa hayo ni madogo, na kipepeo hakungoji uyahesabu. Picha moja iliyo wazi humaliza ubishi.

Wakati wa kwenda

Kipepeo hawezi kuruka vizuri mpaka mwili wake upate joto. Asubuhi hukaa juani, akayatandaza mabawa yake ili apate joto. Huo ndio wakati unaofaa. Jua likishakuwa kali, huruka huku na huko na hutulia kwa nadra. Baada ya mvua za masika na za vuli mimea huchipua, viwavi hupata chakula, na vipepeo huongezeka. Chagua upande wa kichaka uliokingwa na upepo, kwa sababu ua linalotikisika haliwezi kutoa picha iliyo wazi.

Namna ya kumkaribia

Macho ya kipepeo yameundwa kwa vijicho vingi vidogo, na huona upesi kila kitu kinachotembea. Kwa hiyo nenda polepole, ukiinama. Usikubali kivuli chako kimwangukie, maana kivuli humwambia kuwa adui amefika. Akiruka, usimkimbilie. Simama ulipo ungoje. Mara nyingi hurudi kwenye ua lile lile au lililo jirani.

Lenzi na umbali

Jaribio la 1. Funga jicho moja. Shika kitabu hiki mbali, kisha ukilete polepole karibu na jicho lililo wazi. Herufi zitafika mahali ambapo hazisomeki. Mwambie mwenzako apime kwa rula umbali kutoka kwenye jicho hadi kwenye kitabu. Mwombe babu au bibi yako naye ajaribu, bila ya miwani. Umbali wake ni mkubwa kuliko wako, kwa sababu lenzi ya jicho hukakamaa kadiri mtu anavyozeeka.

Lenzi ya kamera nayo ina kikomo. Ukikipita kikomo hicho, picha huwa na ukungu. Jifunze kikomo cha kamera yako kwa kupiga picha ya jani kabla ya kumwendea kipepeo.

Jaribio la 2. Inua kidole chako mbele ya uso, kisha kitazame. Bila ya kuacha kukitazama, angalia mti ulio nyuma yake unaonekanaje. Mti una ukungu. Sasa utazame mti. Kidole ndicho chenye ukungu.

Kamera iliyo karibu sana na kitu huona wazi sehemu nyembamba tu. Kilicho mbele na nyuma ya sehemu hiyo hufifia. Ikiwa utampiga kipepeo picha kutoka pembeni, bawa moja litaonekana na jingine litapotea. Basi ishike kamera iwe sambamba na bawa unalotaka kulichunguza, ili sehemu zote za bawa ziwe umbali mmoja na lenzi.

Kumbuka pia kwamba kamera hupokea mwanga kwa muda mfupi. Muda huo ukiwa sehemu 1 ya 60 ya sekunde, bawa linalopigapiga huacha ukungu. Ukiwa sehemu 1 ya 1000, bawa huonekana kana kwamba limesimama. Lakini muda mfupi huhitaji mwanga mwingi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua mahali penye jua.

Kuandika kumbukumbu

Picha isiyo na maelezo ina faida ndogo kwa sayansi. Andika katika daftari lako tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, na mmea aliokuwa juu yake kipepeo. Asiye na kamera achore madoa ya bawa kwa penseli na aandike maelezo hayo hayo. Kisha mwacheni kipepeo aende zake. Huenda ni jike linalotafuta jani la kutagia mayai.

Maswali

1. Kwa nini si vizuri kumshika kipepeo kwa mabawa?
2. Eleza jinsi kipepeo asiye na sumu anavyokingwa na sumu ya mwenzake.
3. Mwanafunzi amepiga picha ya kipepeo wa rangi ya chungwa. Bawa la nyuma lina doa jeusi moja. Huenda ni kipepeo gani?
4. Tuseme wasio na sumu wamekuwa wengi kuliko wenye sumu. Je, ndege wataendelea kuwaogopa? Toa sababu.
5. Wachunguze vipepeo wa bustani ya shule kwa siku tano, asubuhi na adhuhuri. Ni wakati gani hutulia zaidi? Linganisha jibu lako na la wenzako.