Tukinunua kwa Simu, Tumlalamikie Nani?

Somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni. Anayesoma asimame kila sehemu ili watu wazungumze.

Tuseme kikundi cha akina mama 15 huko Runyenjes kimechanga shilingi 100 kila mtu kila mwezi, mwaka mzima, mpaka zimefika 18,000. Wanataka mashine ya kutotoa vifaranga. Kijana wa mwanachama mmoja anaiona kwenye simu: picha nzuri, bei nafuu kuliko ya Embu mjini. Mweka hazina analipa kwa M-Pesa. Baada ya siku nne mzigo unafika ofisi ya matatu. Kuufungua nyumbani, mashine haishiki joto.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Mweka hazina anapiga simu, anachezewa muziki mpaka salio linaisha. Kesho yake anaambiwa, "Subiri mama, tumepeleka malalamiko yako mbele." Mbele wapi? Siku ya tatu anayepokea ni mwingine, hajui lolote, inabidi aelezwe yote tangu mwanzo. Akiandika ujumbe, unasomwa lakini haujibiwi. Mwishowe anaambiwa airudishe mashine Nairobi kwa nauli yake mwenyewe. Na huku mkutanoni watu wameanza kunong'ona: kweli zile pesa zote zilienda kwa mashine? Mnaona basi. Mashine mbovu ni hasara ya 18,000, lakini mweka hazina akishukiwa bure, kikundi chenyewe kinaweza kuvunjika.

Pale soko la Gakoromone mjini Meru, ukiuziwa kitu kibovu unarudi kesho kwa mwenye kibanda, mnaangaliana macho kwa macho. Kwa simu hakuna kibanda. Kwa hiyo maswali ambayo sokoni tungeuliza baadaye, huku tuyaulize kabla ya kulipa. Duka liko mji gani, jengo gani? Kitu kikiwa kibovu, nina siku ngapi za kukirudisha, na nauli ni ya nani? Tena mpigie muuzaji simu kabla hujanunua. Asipopokea wakati anaitaka pesa yako, atapokea akishaipata? Ikiwezekana lipeni baada ya kuuona mzigo. Si wote wanaokubali. Lakini anayekataa, na hasemi duka lake liko wapi, mwacheni.

Wengi hudhani pesa ya M-Pesa hurudi tu kwa kupeleka ujumbe kwa 456. Huduma hiyo ni ya pesa iliyotumwa kwa mtu asiyekusudiwa, si ya kumaliza ugomvi wa mali mbovu. Hata hivyo ujumbe wa malipo usifutwe kamwe, maana ndio risiti yenu. Mweka hazina ausome mkutanoni, katibu aunakili kwenye kitabu cha kumbukumbu, na picha ya tangazo iwekwe. Mzigo ufunguliwe mbele ya wanachama watatu na upigwe picha. Kila simu ya malalamiko iandikwe: tarehe, saa, jina la aliyepokea, na alichosema.

Maandishi hayo yana kazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata mali yenye ubora unaofaa, na kulipwa fidia kwa hasara iliyoletwa na mali mbovu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inagusa hata ununuzi wa kwenye intaneti. Malalamiko mnaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Iko pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kwenda bila wakili. Ila tusidanganyane: karatasi ya mahakama hupelekewa mtu mwenye jina na mahali. Picha kwenye simu haishtakiki.

Maswali ya kuzungumza: Ni nani kati yetu aliyewahi kuletewa kitu kibovu, na alifanya nini? Mweka hazina wetu anaruhusiwa kulipa kiasi gani kwa simu kabla ya kuuliza mkutano? Na kitabu cha kumbukumbu, leo kiko kwa nani?