Mzeituni wa Mwituni

Masomo: Mwanzo 2:8–15, Warumi 11:16–24

Kabla ya kuendelea fungueni Biblia mkasome mafungu haya mawili polepole.

Wengi wetu tumeingia katika Bustani ya Miti ya Nairobi, ile iitwayo Aboretamu, kwa matembezi au kwa maombi. Wachache hujua kwa nini ilipandwa. Ilianzishwa mwaka 1907. Magari ya moshi ya siku zile yalikwenda kwa kuni, na serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni itakayokua upesi kuyalisha. Basi miti ikaletwa kutoka nchi za mbali ili ijaribiwe hapa. Ile ya asili ilikua polepole mno.

Sasa tuutazame mmoja wa hiyo ya polepole. Wamaasai huuita oloirien, Wakikuyu mutamaiyu. Wamaasai huchoma kijiti chake, wakasugulia kibuyu ndani kwa kaa lake, maziwa yakae vizuri na kupata harufu njema. Wataalamu wa mimea wanatuambia kwamba mti huu na mzeituni wa Biblia ni jamii moja. Huu si mfano wa mahubiri. Ni mzeituni hasa, ila matunda yake ni madogo. Kwa hiyo kabla mmisionari wa kwanza hajafika na Kitabu, mzeituni ulikuwa umekwisha kusimama hapa, una jina na una kazi.

Mtume Paulo anawaambia waamini wa Mataifa kwamba wao ni matawi ya mwituni yaliyopandikizwa, wasijisifu mbele ya shina linalowalisha. Yeye anasema habari za Israeli, nasi tusiligeuze neno lake. Lakini kiburi anachokikemea tunakijua. Mzee aliyekataza mugumo usikatwe, tulimwita mshenzi. Kweli, mti hauabudiwi, na fundisho hilo halibadiliki. Hata hivyo kuzuia shoka ni jambo moja, kuabudu ni jingine.

Tukumbuke Rabai, walikokaa Krapf na Rebmann tangu 1846. Wazee wa kaya waliulinda msitu wao pasipo ukuta, kwa miiko tu. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda, ya Rabai ikiwamo, katika urithi wa dunia. Je, siku zile ni nani aliyekuwa akiitii Mwanzo 2:15: aliyeisoma, au aliyetunza?

Aboretamu nayo ina chama cha marafiki wake tangu 1993, raia wanaojitolea. Hao si wengi, na wageni ni wengi sana. Mali ya wote huchafuka upesi, na si haki kusema wanaochafua ni wapagani peke yao. Kuna vikundi vya maombi vinavyoinuka na kuacha chupa na karatasi chini ya kivuli kile kile vilichoombea.

Kwa mazungumzo ya vikundi: Adamu alipewa kulima na pia kutunza. Katika uwanja wa kanisa letu tunafanya ipi? Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kimwendee mzee mmoja wa mtaani, wa dini yoyote, kimwombe majina ya miti mitatu ya asili kwa lugha yake na matumizi yake. Yaandikeni jinsi anavyoyatamka, mje nayo.