Trekta Haiwaki: Anza na Betri Kabla ya Kufungua Stata



Huku kwetu Taita Taveta, sehemu za chini kama Voi, mkulima hutegemea sana mvua za vuli. Zikinyesha, siku za kulima ni chache. Trekta ya kikundi ikikataa kuwaka wiki hiyo, wengine hukimbilia kununua stata nyingine. Pesa za kikundi zinaisha na trekta bado iko palepale! Mara nyingi ubaya uko kwenye betri au waya. Mfano wetu ni Massey Ferguson 135 ya dizeli, iliyotoka mwaka 1964 na ambayo bado inalima.

ONYO KWANZA
Usiwashe trekta kwa kugusanisha nguzo za stata na bisibisi ukiwa umesimama chini. Njia hiyo huruka swichi ya usalama. Kama gia imeingia, trekta itaondoka ghafla na gurudumu la nyuma litakukanyaga kabla hujakimbia. Washa ukiwa kitini, gia iwe nyutro, breki imefungwa.

SIKILIZA SAUTI
Washa taa, kisha piga stata.

1. Kimya, na taa haziwaki: betri imekwisha au waya umeachia.
2. Kimya, lakini taa ni kali: hakikisha gia iko nyutro. Halafu angalia swichi ya ufunguo, swichi ya usalama na waya mwembamba unaoenda kwenye stata.
3. Tik-tik-tik: betri imechoka au vichwa vyake vina kutu.
4. "Tok" moja na taa zinafifia: betri ni dhaifu, au stata imekwama. Taa zikibaki kali, peleka stata kwa fundi aangalie solenoidi na brashi.
5. Stata yazunguka peke yake kama feni: bendiksi au meno yameisha.
6. Injini inazunguka vizuri lakini haishiki: stata haina makosa. Angalia kama kifundo cha kuzimia kimerudishwa ndani, kama dizeli iko, na kama hewa imeingia kwenye mafuta.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe dakika moja.

KUSAFISHA BETRI
Zima kila kitu. Fungua kwanza waya wa athi, yaani ule uliofungwa kwenye chuma cha trekta. Wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Kwarua vichwa vya betri mpaka chuma king'ae, na upande ule mwingine wa waya wa athi pia. Hapo wengi husahau, na rangi na kutu huzuia moto wa umeme. Maji yakipungua ongeza maji ya betri, si asidi. Sigara na koroboi ziwe mbali, maana hewa itokayo kwenye betri hulipuka.

Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Ikishuka chini ya 12, ichajiwe kwanza ndipo mlaumu stata.

MKONO WA MAFUTA
Trekta ikikosa nguvu, zima injini. Mmoja avute mkono wa mafuta, mwingine aangalie kwenye pampu. Kama mkono wa pampu haufiki mwisho, fimbo imelegea au viungo vimelika: kazeni, safisheni vumbi, pakeni mafuta. Kama mkono warudi wenyewe trekta ikirukaruka, kaza nati na springi inayoushika. Lakini ukifika mwisho na injini bado inazubaa, shuku filta iliyoziba. Skrubu za pampu zilizofungwa kwa muhuri msiziguse. Hiyo ni kazi ya fundi wa pampu.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Ni nani katika kikundi chetu hukagua betri, na kila baada ya muda gani?
2. Mara ya mwisho tulinunua spea gani bila kupima kwanza?
3. Dereva wetu huwasha trekta akiwa wapi?