Somo: Mwenye Nyumba na Siku ya Hatari



Wapendwa wakatekumeni, katika mafundisho ya amri za Mungu mmejifunza amri ya tano, inayotuagiza kulinda uzima wetu na uzima wa wenzetu. Wengi hudhani kwamba amri hiyo yamhusu tu mtu mwenye kushika panga. Leo tutaona ya kuwa yamhusu pia baba alalaye kila usiku pasipo kujua watoto wake watapita njia gani siku mlima utakapowaka.

I. MASIMULIZI

Sikilizeni jambo lililotupata sisi tukaao chini ya mlima Nyiragongo. Ilikuwa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste. Mchana tulikuwa tumefagia kanisa na kupanga viti. Giza lilipoanza kuingia, mbingu za upande wa mlima zikawa nyekundu. Hakuna aliyekuwa ametuonya, kwa maana mlima haukutoa dalili iliyotambulika mapema. Watu wakapiga kelele, kila mmoja akakimbilia mlango wake.

Mimi, mwalimu wenu wa dini, niliingia ndani nikatwaa godoro, redio na mfuko wa nguo. Mke wangu akamfunga mtoto mdogo mgongoni, akamshika mkubwa mkono, tukakimbia pamoja na umati wa watu. Tulipokwisha kufika mbali, mke wangu akaniuliza: «Na mama mzee, yuko na nani?»

Alimtaja jirani yetu, mjane asiyeona, aliyekula nasi kila siku ya Mungu. Mimi nilidhani ndugu zake wamemchukua. Ndugu zake nao walidhani nimemchukua mimi. Kila mtu alimwachia mwenzake kazi hiyo, naye mama akabaki mlangoni pake akiwaita wapita njia.

Aliyemwokoa ni mkatekumeni, kijana wa mwaka wa pili, ambaye hajapata bado Ubatizo. Alitupa mzigo wake chini, akambeba mama mgongoni. Asubuhi ya Pentekoste niliwakuta wote wawili wameketi kando ya njia, vumbi limewajaa. Mama hakunigombeza. Aliposikia sauti yangu alisema neno moja tu: «Mwalimu, redio inasema nini?»

Sikuweza kumjibu. Wapendwa, si kwamba sikumpenda yule mama. Lakini katika nyumba yangu hakuna aliyekuwa amepangiwa kumchukua, na penye hofu mkono hushika kile kilicho karibu. Ninawaandikia somo hili ili ninyi msije mkanyamaza mbele ya swali kama lile.

II. MAELEZO: MLIMA NA DESTURI YAKE

Nyiragongo una urefu wa mita 3470 hivi, nao hauko mbali na mji wa Goma: ni kilomita chache tu, hazifiki 20. Ndani ya shimo la kilele chake mara nyingi huwamo ziwa la lava, ndiyo mawe yaliyoyeyuka kwa moto. Lava ya mlima huu ni nyepesi sana, hutiririka kama uji. Tena aghalabu haimwagiki kutoka kileleni, bali hupasua mbavu za mlima na kutokea chini, karibu na mashamba na nyumba.

Tarehe 10 Januari 1977 ziwa hilo lilipasua mlima, na lava ikashuka upesi kuliko mtu akimbiavyo. Wanavijiji wengi walikufa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hata ikaingia ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yozefu liliteketea, na watu mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Siku chache baadaye watu makumi kadhaa walikufa mahali pa kuuzia petroli palipolipuka, kwa kuwa walikwenda kuteka mafuta karibu na lava yenye moto bado.

Mwaka 2021 waliokufa walizidi 30. Angalieni vizuri namna walivyokufa: si wote waliochomwa na lava. Wengine walikufa katika ajali ya gari wakati wa kukimbia. Wengine walivutwa na haraka ya kurudi, wakakanyaga lava ambayo haijapoa, nao wakauawa na hewa mbaya itokayo humo. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe, na watu maelfu na maelfu wakaelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Katika siku za kwanza shirika la UNICEF lilitangaza ya kuwa watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na wazazi wao.

Basi, mmesikia. Moto wa mlima hatuwezi kuuzuia. Lakini ajali, kurudi kwa haraka, tamaa ya mafuta ya bure, na mtoto kupotea njiani: mambo hayo yako katika mikono yetu.

III. JE, KUJIWEKA TAYARI NI KUKOSA IMANI?

Mtu mmoja aliniambia: «Mwalimu, mimi ninamtumaini Mungu; mwenye kupanga njia ya kukimbia ana mashaka.» Neno hilo lina sura ya imani, lakini si imani.

Mzee Noe alimwamini Mungu kuliko watu wote wa siku zake, na ndiye aliyepasua mbao. Yozefu mwana wa Yakobo alijua kwamba njaa itakuja, akajaza ghala za Misri miaka saba. Wale mabikira wenye busara walichukua mafuta ya akiba, na Bwana wetu akawasifu. Mtazameni tena Mtakatifu Yozefu, mlinzi wa Yezu. Alipoonywa usiku kwamba Herode anamtafuta Mtoto, hakungoja mapambazuko. Aliamka, akamtwaa Mtoto na Mama yake, akaondoka. Hatusomi kwamba alirudi kuchukua vyombo vya useremala.

Tukumbuke pia Shetani alivyomshawishi Yezu ajitupe toka juu ya hekalu ili malaika wamdake. Yezu alikataa, kwa sababu kumtumaini Mungu ni jambo moja, na kumjaribu Mungu ni jambo lingine. Mungu ametupa macho, miguu na akili. Anayeviacha bila kuvitumia hamheshimu aliyempa.

IV. KAZI ZA NYUMBA

Fanyeni mambo haya juma hili, baba na mama pamoja, watoto wakisikia.

1. Gawanyeni watu kabla ya kugawanya vitu. Kila mdogo, mgonjwa na mzee awe na mtu wake, ajulikane kwa jina: fulani atambeba bibi, fulani atamshika mtoto wa tatu. Fikirini pia jirani asiye na mtu. Mwulizeni leo: «Siku ya hatari, nani atakuja kwako?»

2. Chagueni njia mbili na mahali pawili pa kukutania, pamoja na kule mtakakokimbilia. Lava hufuata mabonde na mahali pa chini kama maji; basi njia yenu isiwe katika bonde. Tembeeni njia hizo siku moja pamoja na watoto.

3. Kila mtoto akariri jina lake lote, majina ya wazazi, kijiji chake na namba ya simu moja. Asiyeweza kukariri, shoneni kitambaa chenye maandiko katika nguo yake.

4. Wekeni mfuko mmoja karibu na mlango: karatasi za ubatizo, za ndoa na za shule, karata za utambulisho, dawa za mgonjwa, kibiriti, tochi, chumvi, sabuni, franka kidogo, na chakula kisichooza, kama njugu au unga. Funikeni karatasi kwa plastiki. Mfuko uwe mwepesi, mwanamke mwenye mtoto mgongoni aweze kuuchukua.

5. Kila jioni bidoni moja ya maji safi ijae. Mwaka 2021 lava iliharibu tangi na mifereji, na watu kama nusu milioni wakakosa maji.

6. Siku ya kuondoka zimeni moto wa jikoni na kuwafungulia mbuzi kamba. Shikaneni mikono. Msirudi mpaka wenye mamlaka waseme njia ni salama, hata kama mmesahau kuku, godoro, au redio.

7. Ardhi ikitetemeka, tokeni nje mkae mbali na kuta. Mkishindwa kutoka, jifunikeni kichwa chini ya meza imara.

8. Majivu ya mlima yakianguka, funikeni maji na chakula. Maji ya mvua yaliyochanganyika na majivu msiyanywe. Kuyachemsha huua vijidudu vya kolera, lakini hakuondoi sumu ya mlima. Na huko ukimbizini, maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa klori.

Wale wakaao mbali na mlima wasiseme: «Somo hili si letu.» Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika milima ya Kalehe. Mito ikashuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Nyumba nyingi zilikuwa zimejengwa njiani mwa maji, chini ya milima iliyokatwa miti. Mkaao kando ya mto, mvua kubwa ikinyesha milimani, msingoje kuona maji mlangoni: pandeni mahali palipoinuka, mbali na mkondo. Mwenye shamba mtelemkoni apande miti. Hiyo nayo ni kazi ya amri ya tano.

V. MAZUKU SI UCHAWI

Kati ya Goma na Sake, kando ya ziwa Kivu, kuna mabonde madogo ambamo hewa mbaya hutoka ardhini. Sisi twaiita mazuku. Haina rangi, wala mtu hawezi kuitambua kwa macho. Ni nzito kuliko hewa tunayoivuta, kwa hiyo hulala chini kama maji katika bakuli, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama aweza kupona pale ambapo mtoto au mbuzi anakufa, kwa kuwa pua zao ziko chini.

Sasa angalieni dhambi inayozaliwa hapo. Mtoto ametumwa kutafuta kuni alfajiri, naye amekutwa amekufa bila jeraha. Watu husema: «Amelogwa.» Kisha hutafutwa mchawi, na mara nyingi huwa ni mwanamke mzee asiye na mtetezi. Hivyo bonde huua mmoja, na ulimi wetu huua wa pili. Wakatekumeni, mtu anayemsingizia mwenziwe uchawi huvunja amri ya nane, na akishiriki kumpiga huvunja ya tano.

Hizi ndizo dawa za mazuku: msijenge wala kulala bondeni humo, msiwatume watoto huko usiku wala alfajiri, mkiona ndege au mnyama amekufa bila sababu, rudini na kupanda juu. Mwenzenu akianguka humo, msimfuate kwa kukimbia, maana wengi hufa wakitaka kuokoa. Itisheni msaada, mvuteni kwa kamba toka juu. Tieni alama mahali hapo, miti au mawe, ili mgeni asipite.

Na wazee husimulia kwamba katika moto wa Nyiragongo hukaa roho za wafu. Tuwaheshimu wazee, lakini tujue imani yetu: roho za wafu zimo katika mikono ya Mungu. Mlima ni kiumbe chake, nao hauna chuki. Waliouawa na mlima si kwamba walikuwa na dhambi kuliko sisi. Bwana wetu mwenyewe, alipowataja watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataza wazo hilo.

VI. MAULIZO NA MAJIBU

1. Ulizo: Amri ya tano yatuagiza nini mbele ya hatari?
Jibu: Yatuagiza kulinda uzima wetu na wa wenzetu kwa akili na kwa upendo.

2. Ulizo: Je, mwenye kujiweka tayari amekosa imani?
Jibu: Hapana. Anamtumaini Mungu na kutumia akili aliyopewa naye.

3. Ulizo: Katika siku ya hatari, tuanze na nini?
Jibu: Tuanze na watu: wadogo, wagonjwa, wazee, na jirani asiye na mtu. Vitu ni vya mwisho.

4. Ulizo: Je, mazuku yaletwa na wachawi?
Jibu: Hapana. Ni hewa mbaya itokayo ardhini na kulala mabondeni.

5. Ulizo: Kwa nini tusirudi upesi?
Jibu: Kwa sababu lava isiyopoa na hewa yake huua hata baada ya moto kutulia.

VII. AZIMIO LA JUMA HILI

Kabla ya siku ya Mungu ijayo, kila mkatekumeni aende kwa jirani mmoja asiye na msaada, amwambie: «Siku ya hatari, mimi ndimi nitakayekuja kwako.» Asiahidi kama hana nguvu za kutimiza. Kisha alete jina la jirani huyo kwa katekista, nalo litaandikwa katika kitabu cha mtaa.

Katika kitabu chetu jina la kwanza ni la yule mama asiyeona. Ng'ambo ya jina lake liko jina la kijana yule, aliyekwisha kubatizwa sasa. Nilipoomba kuandika jina langu mahali pake, mama alicheka, akasema: «Mwalimu, andika chini yake. Wawili ni bora.»

Tusali:
Ee Mungu Baba, muumba wa milima na maziwa, utuamshe kabla ya saa ya hatari. Utupe mikono iliyo mitupu, tuweze kuwabeba wenzetu. Mtakatifu Yozefu, uliyemtorosha Mtoto usiku, utuombee. Amina.